Umeniua Ukurasa wa Kwanza

Tansen, Nepal
9 Februari 2024

Mpendwa mdogo wangu Joha,

Salamu nyingi kutoka milimani. Baridi imetukamata vibaya mwaka huu. Mimi mzima, na mume wangu Tek naye mzima. Anakohoa na kulalamika, kwa hiyo yuko vilevile kama ulivyomjua alipokuwa Kilosa akijenga kingo za mto.

Naituma barua hii kwa Theodory wa fotokopi kwa sababu simu yako, kila nikikutumia kitu, unasema imejaa. Mwambie achapishe kurasa zote bila kuruka, na asisome. Najua atasoma.

Habari kubwa ni hii: ulichonisumbua nacho miaka yote nimekifanya. Nimekitafsiri kitabu cha kwanza cha Yusra kwa Kiswahili, mimi mwenyewe, kwa Kiswahili nilichookota kwenye benchi la mgahawa wako pale stesheni. Unakumbuka nilivyokuja? Mwalimu wa shule ya msingi ambaye hadithi zake zote zilikuwa zinarudishwa na wahariri wa Kathmandu. Mmoja aliniandikia kwamba watoto wamechoka kusoma habari za mbuzi na majani. Nilikuwa nimeshaamua kuacha. Kama Tek asingeitwa kuja kuutengeneza mto Mkondoa baada ya yale mafuriko, na kama wewe usingekuwa unanisukumia mtoto mlangoni kila asubuhi na kusema, "Nishikie huyu, narudi," leo ningekuwa mwalimu mstaafu anayefuga kuku. Ulikwenda zako kupika, mimi nikabaki na msichana wa miaka sita mwenye maswali mengi kuliko hakimu. Ili anyamaze, nikaanza kumtungia habari za yeye na nyani wa Mikumi, wale tuliowaona barabarani siku ile wakamnyang'anya Tek ndizi. Sasa ni vitabu kumi na viwili, na katika wilaya yetu hakuna shule isiyomjua Yusra.

Nina maombi mawili. La kwanza, nisahihishie Kiswahili, usinionee huruma. La pili, mwezi wa kumi na mbili kuna tamasha la vitabu vya watoto Kathmandu, na wanataka kuniheshimu kwa miaka thelathini ya kuandika. Nimeambiwa nialike mgeni mmoja, nami nimemtaja Yusrah wetu, yule niliyemdondoshea herufi ya mwisho kitabuni. Watoto wanataka kumwona Yusra wa kweli. Atakuja, atakaa nami wiki mbili, atarudi kazini kwake Mikumi.

Jambo dogo tu: usishtushwe na ukurasa wa kwanza. Ni mambo ya waandishi. Soma mpaka mwisho kwanza.

Dada yako,
Dhanmaya


Kilosa
21 Februari 2024

Dada Dhanmaya,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu leo unaistahili.

Nilikuwa nageuza maandazi, mgahawa umejaa, Theodory akaingia mwenyewe, kofia mkononi, uso wa msibani. "Mama Yusrah, pole sana." Nikamuuliza pole ya nini. Akanipa makaratasi, barua yako juu. Nikasoma mstari wa kwanza kwa sauti, mbele ya wateja, maana barua yako ilishanifanya nijisifu kwamba kitabu changu kinakuja kwa Kiswahili:

"Mama yake Yusra alichukuliwa na mto usiku ule, na asubuhi nyani wakaja."

Nilirudia kusoma nikidhani Kiswahili kimekushinda. Halafu nikatii ulivyoagiza, nikasoma mpaka mwisho, maandazi yakaungua. Sipo. Sirudi. Hata kwenye ndoto ya mtoto sipo.

Hivi wewe ni mtu wa namna gani? Usiku wa mafuriko ulikuwa hujui hata Kilosa iko upande gani wa dunia. Niliyetoka kwenye yale maji ni mimi, na Yusrah mgongoni, nimemfunga kwa kanga, maji yananifika kifuani, mpaka nikashika tuta la reli kwa kucha. Tuliishi kwenye hema mpaka nikasahau mlango unafungwaje. Mkondoa mzima ulinishindwa. Wewe uliyekula ugali wangu umeniweza kwa mstari mmoja.

Na huo mstari mmoja ndio unaniudhi kuliko kifo chenyewe. Mimi nife nusu sentensi, nusu nyingine wapewe nyani? Msiba wangu uko wapi? Nani alipika? Babu yangu alikuja kutoka Tabora kujenga reli, na sisi Wanyamwezi tuna watani wa kutosha mji huu. Wangekuja na kelele zao, mmoja angevaa kanga yangu akaniigiza ninavyowafokea wateja, wangezuia jeneza mpaka wabembelezwe. Watu wangelia na kucheka mpaka wachoke. Wewe umenifukia kama paka.

Halafu vitabu. Nimevipanga vyote kumi na viwili juu ya friji la soda. Siwezi kuyasoma maandishi yenu, lakini picha naziona. Miaka yote nimekuwa nikiwaonyesha wateja yule mwanamke mwenye kanga, aliyemshika Yusra mkono. Nawaambia, huyu ni mimi. Mafundi wa reli wananiambia, kweli mmefanana. Leo nasoma kumbe ni Mama Mkubwa, jina analokuita Yusrah. Kumbe ni wewe! Kanga yangu, uso wako. Nitawaambia nini sasa?

Yusrah haendi popote. Akasimame mbele ya watoto wa watu akubali kwamba mimi nimekufa? Nani alimlea huyo atakayesema hivyo?

Mdogo wako ambaye yu hai,
Joha binti Yassin

Nyongeza: Mama, ni mimi Theodory. Nimeipiga picha barua yake nikaituma kama alivyoiandika. Hadithi nimeipenda, nimecheka sana pale nyani wanapoiba sare za shule. Sehemu aliyoikata kwa kalamu usijaribu kuisoma, alikuwa na hasira.


Tansen
3 Machi 2024

Joha,

Kwanza mwambie Theodory kwamba barua si zake.

Sasa tusikilizane. Unafikiri nilikaa chini nikasema, leo nimuue Joha? Rasimu ya kwanza ulikuwemo. Ilikuwa na kurasa nne tu, nazo ndizo zilizokuua. Yusra anaamka, anamwona nyani dirishani, anataka kumfuata, na wewe unatokea mlangoni: "We mtoto, unakwenda wapi hujanywa uji?" Hadithi imekwisha. Nikakutuma sokoni, ukarudi kabla nyani hajashuka mtini. Nikakupa jino linauma, ukafoka huku umefunga shavu na kitambaa. Nikakulaza na homa, ukamwita mtoto akuletee maji, akashindwa kutoka. Hakuna nyani mwenye akili anayeweza kukanyaga ukurasa uliomo wewe!

Mtoto mwenye mama aliye macho hapati matatizo, na mtoto asiyepata matatizo hana kitabu. Hii ndiyo kazi yangu. Nimeifanya tangu nikiwa nabandika hadithi ukutani mwa darasa kwa gundi ya unga wa ngano kwa sababu hakuna mtu aliyekubali kuzichapa. Mimi sikufundishi kukaanga maandazi.

Unalalamika hukuliliwa. Kila mwaka watoto wa huku wanafika mstari ule na kulia darasani, walimu wananiandikia kunilaumu. Nepal nzima inakulilia, wewe unataka pilau.

Kukufufua siwezi. Vitabu kumi na viwili umekufa. Nikisema leo kwamba ulikuwa hai, watoto wataniona mwongo, na wana haki. Na kuhusu Yusrah, ni siku moja tu jukwaani. Wakimuuliza habari za mama yake, atatabasamu, mimi nitajibu kwa lugha yetu. Kwani lazima aseme? Usimnyime mtoto safari kwa hasira zako kwangu.

Na Kiswahili hujanisahihishia hata neno moja.

Dhanmaya


Kilosa
12 Machi 2024

Mwanangu Yusrah,

Barua hii nampa Optatus, konda wa basi la asubuhi. Mpe asante, na mpe bakuli langu alilokuletea na maharage mwezi uliopita, maana naona gesti yenu imelitaifisha. Ningekupigia simu lakini ukiwa mapokezi unaniambia "karibu sana mteja" kisha unakata.

Nataka jibu la swali moja. Ulikuwa unajua kwamba Mama Mkubwa wako ameniua kwenye vitabu?

Usizunguke. Nimekuzaa, najua unavyozunguka. Mama Mkubwa anataka uende Kathmandu ukatabasamu watakapokuuliza mama yako yuko wapi. Nimemwambia huendi. Kama na wewe una maneno yako, yaandike, nisije kuambiwa sikukusikiliza.

Mama yako


Mikumi
17 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Bakuli anakuja nalo Optatus. Liko salama, halijataifishwa.

Nilijua. Mama Mkubwa aliniambia nilipokuwa kidato cha kwanza, akaniomba nisikuambie, na mimi nikaona nisikuambie kwa sababu zangu. Ulikuwa unafurahia zile picha. Kila mteja akija unaziteremsha juu ya friji, unafuta vumbi kwa upindo wa kanga, unaonyesha. Ningeanzia wapi? Unakumbuka ile michoro ya watoto wa Nepal iliyokuwa inakuja kwenye bahasha? Ule wa msichana amepiga magoti penye maua ya njano? Uliwaambia watu ni shamba la alizeti kwa sababu mimi ndiye niliyekudanganya. Mama, lile lilikuwa kaburi lako. Uliubandika jikoni.

Nisamehe kwa hilo. Lakini na mimi nimechoka. Mna muda wote wa kugombana nani amekufa na nani kavaa kanga ya nani, na hakuna hata mmoja kati yenu aliyewahi kuniuliza mimi. Yatima ni mimi! Vitabu kumi na viwili nalala na njaa, nafukuzwa na nyani, napotea mbugani, sina mama, halafu nikija Jumapili nyumbani mama yupo ananigombeza kwa nini nimekonda. Nikiwa mdogo nilikuwa naota umechukuliwa na maji. Naamka nakwenda kukupapasa uso. Ulikuwa unadhani ni mbu.

Juzi ukurasa wa kwanza, alionitumia Theodory kwenye simu, nilimsomea Namunyak, dada anayetuletea maziwa hapa gesti. Alisikiliza, akatua dumu chini, akauliza, "Na bibi yake yuko wapi? Mama wadogo je? Mtoto anabakije peke yake kwa neno moja? Huyo aliyeandika hana ndugu?"

Mimi nataka kwenda. Kutwa nipo mapokezi naona mabasi ya Iringa, ya Mbeya, malori ya Zambia. Kila mtu ana anakokwenda isipokuwa mimi ninayewapa funguo. Nataka kuiona hiyo milima niliyohadithiwa sebuleni kwa Mama Mkubwa. Nikiulizwa, sijui nitasema nini. Lakini msinipe maneno, wewe wala yeye.

Mwanao,
Yusrah


Kilosa
2 Aprili 2024

Dada Dhanmaya,

Shikamoo. Leo sina hasira, kwa hiyo soma vizuri.

Mchoro wa alizeti nimeubandua. Yusrah ameniambia ni nini. Ameniambia pia kwamba alikuwa anaamka kunipapasa uso. Hilo nimekaa nalo wiki nzima, mvua inanyesha, wateja hawaji, nafikiri.

Sababu zako za jino na homa sizikubali. Nimezisoma nikacheka, ni kweli nafoka, lakini sizikubali. Kama tatizo lilikuwa mdomo wangu, ungeniondoa tu. Ungenipeleka Tabora kwa shangazi. Ungenipa kazi kwenye mashamba ya mkonge nitoke alfajiri nirudi magharibi, ndivyo nilivyoishi kweli na mgahawa wangu! Wewe ndiye uliyekuwa unabaki naye. Mama anaweza asiwepo bila kufa, na unalijua hilo kuliko mtu yeyote, maana mimi kutwa nzima nilikuwa sipo.

Kwa hiyo hukutaka niondoke tu. Ulitaka nafasi yangu. Ulimtaka mtoto. Sema.

Na mimi nikuambie ambalo hujui. Nilikuwa naona. Nilikuona unavyomchana nywele taratibu, unamsuka ule mkia mmoja wa kwenu, unaufumua, unausuka tena. Nilikuwa namaliza kazi mapema siku nyingi. Nakaa stesheni, nakunywa chai yangu peke yangu, naangalia reli, nachelewa kwa makusudi ili umalize kumsuka. Nilisema moyoni, hana mtoto, mimi ninaye mmoja, atatutosha. Nilikugawia mtoto aliye hai pamoja na mama yake aliye hai. Ulishindwa nini kutosheka?

Safari bado sijaruhusu. Asubuhi naruhusu, jioni nakataa. Nitakapojua nitasema.

Joha


Tansen
20 Aprili 2024

Joha,

Ndiyo. Nilimtaka.

Mimba zangu mbili hazikukaa, hilo unalijua, uliniona nilipokuja nimekauka. Usilolijua ni jioni ya mwisho. Mizigo yetu ilishafungwa, Tek kaenda kutafuta gari la Dar. Yusrah alikuwa amelala mapajani kwangu, mdomo wazi, mguu mmoja umening'inia. Nilijua utaingia muda wowote, utasema, "Haya, nipe mwanangu," nami nitakupa, na itakuwa ndio basi. Nikachukua kalamu nikaandika ule mstari mtoto akiwa amelala hapo hapo. Kwenye hadithi hukurudi. Kwa hiyo sikulazimika kumrudisha.

Nilimwambia mhariri kwamba ni lazima mama afe ili hadithi isonge. Akaniamini, na mimi nikajiamini, nikazeeka nikiamini. Wewe na benchi lako la stesheni mmeniharibia miaka yote hiyo kwa barua moja, na sijui nikushukuru au nikutukane.

Ningejua ulikuwa unachelewa makusudi, pengine nisingeandika kabisa. Sijui hilo lingekuwa jema au baya.

Tafsiri naiweka kabatini. Haitachapwa kwa Kiswahili bila wewe kutaka. Tiketi ya Yusrah ipo, uamuzi ni wako. Sina la kuongeza, na nimechoka.

Dhanmaya


Kilosa
18 Novemba 2024

Mwanangu Yusrah,

Njoo Jumamosi nikusuke. Huwezi kwenda mbele ya watu na kichwa hicho. Na usilete habari za saluni ya Mikumi, wanavuta nywele mpaka mtu anaonekana kashtuka.

Nimekubali uende. Usiniulize kwa nini, nikianza kueleza nitakataa tena. Mama Mkubwa wako hajaniandikia tangu Aprili na mimi sijamwandikia. Theodory ananiuliza kila siku kama nimegombana na intaneti.

Nimenunua doti ya kanga. Nimeikata katikati. Kipande kimoja ninacho, kingine utampelekea yeye. Mwambie kanga za kwenye vitabu vyake zimechorwa vibaya, pindo zinaonekana kama nyoka, amwonyeshe mchoraji wake pindo la kweli likoje. Usimwambie kingine.

Kuhusu watakachokuuliza, sikupi maneno, uliniomba nisikupe. Beba sweta mbili. Karanga nitakufungia mimi.

Mama yako


Kathmandu
9 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia kwa mkono, Mama Mkubwa atapiga picha na kutuma kwa Theodory, kwa hiyo Theodory, hujambo, acha kusoma.

Nimefika salama. Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Mama Mkubwa amekuwa mdogo, mama. Nilimwacha mrefu. Alinipokea uwanja wa ndege na shada la maua ya njano, nikashtuka, nikakumbuka ule mchoro, kumbe huku ni maua ya kumkaribisha mtu. Kanga nilimpa usiku huo huo. Aliishika, akatafuta kipande cha pili kwenye begi langu, hakukiona, akakaa kitandani. Amejifunga kiunoni juu ya makoti yake, hajaivua mpaka leo.

Sasa nikueleze ya ukumbini. Watoto walikuwa wengi, wamevaa sare, wamekaa chini mpaka kwenye ngazi. Nilipopanda jukwaani wakapiga kelele, "Yusra! Yusra!" nikataka kukimbia. Mama Mkubwa alikaa pembeni yangu na kipaza sauti ili atafsiri. Wakauliza nyani wanauma? Wakauliza Mikumi kuna theluji? Nikajibu, wakacheka. Nikaanza kufikiri labda hawataliuliza lile swali.

Hawakuliuliza. Msichana mmoja mdogo, ameketi mbele kabisa, alisimama akauliza, "Nywele zako nzuri, nani kakusuka?"

Nikajibu bila kufikiri. "Mama. Jumamosi, huko Kilosa. Kila nikitikisika ananigonga na kitana."

Nilipomaliza ndipo nikatambua nilichosema. Mama Mkubwa alikuwa ameshainua kipaza sauti, akabaki nacho hivyo hivyo. Watoto wanamtazama, mhariri wake wa mstari wa mbele anamtazama. Nilijua anaweza kusema "Mama Mkubwa," au "jirani," au chochote, na mimi nisingejua. Mama, alikitafsiri kama kilivyo. Nilijua kwa sababu alijigonga kichwani kama anavyogongwa mtu na kitana.

Kisha yule msichana akasema kitu, kifupi. Mama Mkubwa akanigeukia, machozi yanamtoka waziwazi, akaniambia kwa Kiswahili, "Anauliza, kumbe amerudi? Nimwambie nini?"

Nikamwambia, "Mwambie ndiyo."

Hujawahi kusikia kelele kama zile. Wengine walikuwa wanarukaruka. Mwalimu mmoja alikuwa analia. Mhariri amekaa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Na yule msichana alikaa chini ametulia kabisa, kama mtu aliyekuwa anajua tangu mwanzo.

Nakuja tarehe ishirini. Karanga zimekwisha, amezila Baba Tek.

Mwanao,
Yusrah


Kilosa
16 Januari 2025

Dada Dhanmaya,

Shikamoo. Naona hukuniachia njia ya kukaa kimya kwa amani.

Limekuja boksi. Theodory amelibeba kichwani kutoka posta kama zawadi za harusi. Barua za watoto, zimejaa mpaka juu, na zote ni zangu. Theodory anazitafsiri kwa simu yake, na simu yake haina akili, moja ilisema "mama mpendwa aliyeiva." Jioni zote tunazisoma, mgahawa umegeuka shule. Wanafurahi kwamba nimerudi. Sawa. Lakini maswali! Ulikuwa wapi? Ulikula nini mtoni? Je, unawajua nyani kwa majina? Je, unamkasirikia Yusra kwa kupoteza sare? Mmoja amenichora natoka kwenye maji, nimenyoosha kidole, nagombeza samaki. Huyo ndiye aliyenipata vizuri, nimemweka pale ilipokuwa alizeti.

Nimekoma. Nilipokuwa maiti nilikuwa na nafasi ya kupumzika.

Kuna kikaratasi kimoja kimeandikwa mstari mmoja tu: "Mama, mbona ulichelewa?" Hicho sijakijibu. Nilikipeleka stesheni nikakaa nacho kwenye benchi langu la chai.

Sasa kuhusu kazi uliyonipa mwaka jana, ikaniletea fujo zote hizi. Uliniomba nikusahihishie Kiswahili. Kiswahili chako ni kizuri, isipokuwa nyani "hawabatizi" maandazi, wanayachovya. Ila mstari wa kwanza nimeukata. Nimeandika huu, na Theodory ameupitisha:

"Mama yake Yusra alitoka mtoni na mtoto mgongoni, akagonga mlango wa Mama Mkubwa, akasema, 'Nishikie huyu, narudi.' Asubuhi nyani wakaja."

Umeona? Sipo. Nina kazi zangu. Nyani wana nafasi ya kufanya watakavyo, vitabu vyote kumi na viwili, sitatokea mlangoni na uji. Lakini sijafa, nimetoka tu, na mtoto yeyote wa huku anajua kutoka na kufa ni vitu viwili. Najua usiku ule hukuwepo Kilosa. Wewe uliniua bila kuwepo, na mimi nimekuweka mlangoni bila kuwepo. Tumemalizana. Kitoe kabatini, kichapwe. Watoto wa Masanze hapa jirani na wa Mikumi wakisome, na Namunyak asomewe.

Mchoraji wako namsamehe ule uso. Aniongezee tu mwanamke mwingine, kwa mbali, amejifunga kipande cha pili.

Na lile uliloliandika Aprili, kwamba uliogopa nitaingia niseme "nipe mwanangu." Nimelifikiria sana. Dada, asubuhi zote zile nilizosimama mlangoni kwako, jaribu kukumbuka maneno yangu. Sikuwahi kusema nakuja kumchukua. Nilisema narudi.

Weka chai.

Joha